Nilisifiwa Mpaka Nikaugua

Wanawake wengi wakisimulia walivyolelewa huanza na makatazo: usicheke kwa sauti, usikae vibaya, usijibu wakubwa, usitoke saa hizi. Mimi sikukatazwa sana. Mimi nilisifiwa. Wageni wakija nyumbani, mama alikuwa akisema mbele yangu, "Huyu hana neno. Ukimpa anashukuru, usipompa humsikii." Shangazi naye akadakia, "Huyo ndiye atakayekaa na mume." Wakati huo hata meno ya utoto yalikuwa hayajaisha kung'oka. Lakini nilielewa kwamba nimefaulu jambo fulani kubwa, na kwamba nimelifaulu kwa kutofanya kitu: kutoomba, kutolalamika, kutosumbua.

Katazo angalau unalijua kuwa ni katazo. Unaweza kulichukia, unaweza kulivunja ukiwa peke yako, na ukikua unaweza kulikataa ukatoa na sababu zako. Sifa huna pa kuishikia. Nani akatae kuambiwa ana adabu, mpole, mvumilivu, hana makuu? Unaipokea kwa mikono miwili, halafu kesho unaamka na kazi ya kuilinda.

Kaka yangu naye alikuwa na mzigo wake, nisije nikamdhulumu. Siku alipoanguka na kuvunjika mkono aliambiwa mwanamume halii, akameza machozi huku midomo inamcheza. Lakini alipelekwa hospitali jioni ile ile, mkono ukafungwa plasta. Yeye alikatazwa kulia tu. Maumivu yake hayakukataliwa. Kwangu mambo yalikuwa kinyume. Kulia ningeweza, wasichana hulia, ila maumivu yenyewe yalihesabiwa kuwa sehemu ya maumbile yangu, na maumbile hayapelekwi hospitali.

Nilipovunja ungo mama alifunga mlango tukazungumza kwa sauti ya chini. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Aliniambia habari za usafi, akaniambia habari za siri, hasa kwa baba na kaka zangu, na akasema tumbo litauma, nisishtuke, ndiyo ukubwa wenyewe. Nilitoka mle chumbani nikiwa na maarifa yote ambayo ningekuwa nayo juu ya mwili wangu kwa miaka mingi iliyofuata.

Damu yangu ilikuwa nyingi tangu mwanzo. Siku za kwanza nilivaa pedi mbili, moja juu ya nyingine, juu yake kaptula ya kubana, na juu ya yote sketi nyeusi. Darasani nilikaa kwenye ncha ya kiti ili nikisimama kiti kibaki kisafi, na kabla ya kusimama nilimkonyeza rafiki yangu aniangalie nyuma. Nilikuwa na sweta nililotembea nalo mwaka mzima, joto kali au mvua, kwa kuwa kazi yake haikuwa kuzuia baridi bali kufungwa kiunoni. Usiku nilitandika taulo juu ya shuka, na alfajiri niliwahi bafuni kabla ya mtu yeyote ili nifue kilichohitaji kufuliwa. Yalikuwa yakitoka mabonge. Sikumwambia mtu. Nani angeniuliza, wakati ustadi mzima ulikuwa ni kuhakikisha hakuna anayejua?

Na kwa ustadi huo nilisifiwa pia. Mdogo wangu wa kike, yeye tumbo likimshika alikuwa akijikunja kitandani na kulia bila haya. Aliambiwa, "Mtazame dada yako. Umewahi kumsikia?" Nikiikumbuka kauli hiyo sasa huwa naona kwamba sifa yangu haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa fimbo ya kumchapia mtoto mwingine.

Nikaolewa, na sifa zikahama nami. Mama mkwe aliwaambia shoga zake kwamba amepata mke wa mwanawe, si wale wa kuumwaumwa kila siku. Nilifurahi mno. Nyumba ilikuwa safi, watoto wako vizuri, kazini nafika kwa wakati, mgeni akija hata usiku anapokelewa. Nikipanda ngazi moyo ulinidunda mpaka nasikia kwenye masikio, lakini nilijiambia ni unene. Nywele zilikatika, kucha zikawa laini na kukunjika. Na nilikuwa na tabia moja iliyochekesha familia nzima: nilitafuna barafu. Nilifungua friji usiku, nikasimama hapo hapo gizani nikitafuna vipande vya barafu, kimoja baada ya kingine, kwa raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyeijua. Mume wangu alisema nitavunja meno. Watoto walinificha vile vibao vya kugandishia. Hakuna aliyejua, mimi nikiwa wa kwanza, kwamba hamu ya kutafuna barafu ni dalili inayofahamika ya upungufu wa madini ya chuma mwilini.

Niligundulika kwa njia ya kuchekesha kidogo: nilikwenda kutoa damu. Kazini kulikuwa na uchangiaji wa hiari, na mimi kama kawaida yangu nikawa mstari wa mbele. Muuguzi alikuwa na kikopo chenye maji ya buluu, myeyusho wa kopa salfeti. Anakuchoma kidoleni, anadondosha tone lako mle ndani, na mnaliangalia pamoja. Tone la mwenye damu ya kutosha huzama. La mwenzangu aliyenitangulia lilishuka moja kwa moja mpaka chini. Langu lilibaki juu. Muuguzi akarudia kwa kidole kingine, tone likabaki juu tena. Akaniangalia macho, akanivuta kope la chini, akanitazama viganja. "Dada," akasema, "wewe leo hutoi. Wewe nenda kamwone daktari, tena usichelewe." Wenzangu wakacheka, mmoja akasema nimekuja kuiba soda za wachangiaji. Nami nikacheka.

Daktari alikuwa kijana mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, nikaona aibu hata kabla hajafungua mdomo. Majibu ya kipimo yalikuwa mezani kwake. Mwanamke asiye na mimba huhesabiwa ana upungufu wa damu himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Chini ya 8 ni upungufu mkali. Yangu ilikuwa saba na ushei.

"Mama, siku zako huwa zinakwendaje?"

"Kawaida tu."

"Kawaida ni siku ngapi?"

"Nane. Wakati mwingine tisa."

"Zile siku nyingi, pedi moja inakaa muda gani?"

"Saa moja hivi. Nikivaa mbili, zaidi kidogo."

Akaacha kuandika. "Mabonge yapo?"

Nikashusha sauti kama vile baba yangu yuko nyuma ya mlango. "Yapo."

"Usiku unaamka kubadilisha?"

"Naamka. Si kila mtu anaamka?"

"Hapana, mama. Si kila mtu anaamka."

Naweza kusema ni jibu hilo, si namba ya himoglobini, lililonipiga. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto na sikujua kwamba wanawake wengine hulala usiku kucha wakiwa kwenye siku zao. Ningejulia wapi? Jambo lenyewe halizungumzwi, na likizungumzwa huzungumzwa na watu wanaoshindana kuonyesha nani hakulalamika.

Kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, mitatu, mkubwa wake sentimita 7. Kumbe ni jambo la kawaida sana duniani: kufikia umri wa miaka 50 wanawake walio wengi huwa wameota uvimbe wa aina hiyo, na wengi wao hawaujui kwa sababu hauwasumbui. Si saratani. Ila ukikaa mahali pabaya husababisha damu kutoka kama nilivyokuwa natokwa mimi, na damu ikitoka hivyo kila mwezi, chuma nacho huisha mwilini. Nililazwa nikaongezewa damu. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu kwa miezi kadhaa, vile vinavyogeuza choo kuwa cheusi na kukufunga tumbo, na nikaambiwa nisivimeze pamoja na chai wala kahawa kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Baadaye nikafanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe na kuacha kizazi. Naandika haya yote waziwazi kwa makusudi. Kama kuna msomaji anayebadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, au anayekwenda zaidi ya siku saba, huo ni ugonjwa wenye dawa, na dawa zake nyingine ni vidonge tu visivyohitaji kisu.

Nilipokuwa wodini nilianza kusoma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, takriban 30 wana upungufu wa damu. Hiyo ni zaidi ya nusu bilioni ya wanawake. Sababu ziko nyingi: lishe, mimba za karibu karibu, malaria, minyoo, damu nyingi ya hedhi. Lakini nilijiuliza ni wangapi katika hao wanaitwa wapole.

Maana hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Himoglobini ilipopanda, nilibadilika tabia. Nilianza kucheka kwa sauti. Nilianza kujibu. Mtu akinikatiza kwenye mazungumzo nilimaliza sentensi yangu. Usiku nilikuwa na nguvu za kukasirika, jambo ambalo sikuwahi kuwa nalo, zamani likitokea la kuudhi nilikwenda kulala, na watu wakasema, "Yule hana kinyongo." Mimi mwenyewe niliamini nimeumbwa mtu wa taratibu, mwenye sauti ya chini, asiyependa mabishano. Kumbe sehemu ya upole wangu ule uliosifiwa ukoo mzima ilikuwa ni kuishiwa damu. Sisemi kila mwanamke mpole ni mgonjwa. Wapo walioumbwa hivyo na Mungu awabariki. Nasema tu kwamba sura ya mwanamke aliyechoka na sura ya mwanamke mwenye staha zinafanana mno, na sisi tumezoea kuisifia sura bila kuuliza kilicho nyuma yake.

Mama alikuja kunitazama hospitali. Nilimweleza kila kitu, saa moja moja, mabonge, taulo kitandani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa mshangao wa kweli, "Lakini mwanangu, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Na bibi yako. Na mama zako wadogo wote wawili." Tukatazamana. Uvimbe wa kizazi hufuata ukoo. Mwenye mama au dada aliyeupata yumo kwenye hatari zaidi ya kuupata. Kwa hiyo mama hakunidanganya aliponiambia ni kawaida. Alinipa kawaida aliyokuwa nayo, na yeye alipewa na mama yake, na huenda katika msururu mzima hakuna hata mmoja aliyekuwa na damu ya kutosha.

Watu huniuliza kama nina hasira na mama. Sina. Enzi zake mwanamke aliyesema anaumwa aliitwa mvivu, na aliyeitwa mvivu aliweza kurudishwa kwao. Angemwambia nani? Aliniandaa kwa dunia aliyoijua. Kunifundisha kuvumilia kulikuwa ni namna yake ya kunipenda. Wanawake wanaosimamia sheria hizi, mama, shangazi, mama mkwe, mara nyingi ndio walioumizwa nazo zaidi, na wakiziachia leo watalazimika kuuliza wao waliteseka kwa faida ya nani. Swali hilo ni zito kumwuliza mtu wa umri wa miaka 70.

Nje ya familia nako nilikuta hiyo "kawaida" ina mizizi mirefu. Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilielekeza wanawake wanaoweza kubeba mimba waachwe nje ya hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Nia ilikuwa kulinda watoto wa tumboni, kwa kuwa watu walikuwa bado wanakumbuka maafa ya thalidomaidi, dawa iliyosababisha watoto wengi kuzaliwa na ulemavu wa viungo. Mwelekeo huo uliondolewa mwaka 1993. Katikati hapo mwili wa mwanamume ndio uliokuwa kipimo. Mwaka 2013 mamlaka hiyo hiyo iliagiza dozi ya dawa moja ya usingizi, zolpidemu, ipunguzwe nusu kwa wanawake, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa asubuhi dawa ilikuwa bado imejaa katika damu zao wakati wanaendesha magari. Dawa yenyewe ilikuwa sokoni miaka 20 hivi. Najiuliza ni wanawake wangapi waliosema "asubuhi nakuwa mzito" wakajibiwa wapunguze mawazo.

Kuna jambo moja linalonikera kuliko mengine. Mwanamke huitwa dhaifu pale zinapogawanywa nafasi, akaitwa jasiri pale unapogawanywa mzigo. Katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa rekodi ya dunia. Magazeti yakaandika jinsi wakimbiaji walivyoanguka chini kwa uchovu mwishoni, jambo ambalo wanaume walifanya kila siku bila mtu kushtuka, na mbio hizo zikaondolewa kwa wanawake mpaka Roma mwaka 1960. Miaka 32! Sasa jumlisha: mwili usioweza kuaminiwa kwa dakika mbili na ushei uwanjani ndio ule ule unaotarajiwa kuzaa, kunyonyesha usiku, kuinama na kuinuka kutwa, na kutokwa na damu kila mwezi bila hata kukunja uso. Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi za malezi na nyumbani zisizolipwa hufanywa na wanawake, na kwamba wanawake milioni 606 walio katika umri wa kufanya kazi wamekaa nje ya soko la ajira kwa sababu ya kazi hizo. Wanaume walio katika hali hiyo ni milioni 41. Udhaifu gani huo.

Kazini kwangu sifa zilikuwa za aina nyingine, lakini ndugu mmoja na zile za nyumbani. Nilikuwa "mama wa ofisi". Kikao kikianza, daftari la kumbukumbu lilijikuta mikononi mwangu. Mtu akifiwa, mchango nakusanya mimi. Mgeni akija, macho ya wote hunigeukia niulize atakunywa nini, ingawa aliyekaa karibu na mlango ni mwenzangu wa kiume tena wa cheo cha chini yangu. Mwisho wa mwaka bosi alisema mbele ya watu, "Bila huyu tungekwama." Ajira za juu zilipotangazwa, nilisikia kwamba mimi ni mtu mzuri sana ila sina ukali wa uongozi. Mwenzangu mwingine, mwanamke pia, alikuwa na ukali huo. Yeye walisema ana mdomo.

Mtego huu ulifika hata mahakamani. Ann Hopkins, Mmarekani, alinyimwa ubia katika kampuni yake ya uhasibu mwanzoni mwa miaka ya 1980 licha ya kuwaletea mikataba mikubwa. Alishauriwa atembee kike zaidi, aongee kike zaidi, avae kike zaidi, ajipodoe, atengeneze nywele, avae vito. Alishtaki, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatamka kwamba kumhukumu mfanyakazi kwa kutofanana na picha ya "mwanamke anavyopaswa kuwa" ni ubaguzi. Na kwa upande mwingine Margaret Thatcher wa Uingereza, kabla ya kuwa waziri mkuu, alifundishwa kuishusha sauti yake iwe nzito kwa kuwa sauti yake ya asili ilionekana haifai kuongoza. Mmoja hakuwa wa kike vya kutosha, mwingine alikuwa wa kike kupita kiasi. Ukitafuta kipimo kilichoko katikati, nitumie nami nikione.

Tangu nipone nimekuwa nikizirudisha sifa kwa wenyewe. Inachekesha lakini ni kazi ngumu kuliko upasuaji. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye sherehe ya familia, wifi akasema mbele ya meza nzima, "Wifi yangu huyu, uvumilivu wake sijauona kwa mwingine." Nikasema, kwa tabasamu, "Siku hizi sivumilii, wifi. Nikiumwa nasema." Kimya kikapita. Mtu akabadilisha mazungumzo. Baadaye nikasikia imesemwa kwamba hospitali imeniharibu.

Sitadanganya kwamba haikuuma. Sifa ilikuwa mshahara wangu tangu utotoni, na mshahara ukikatwa unauhisi. Wapo waliopunguza kunitembelea. Wapo wanaosema "umebadilika" kwa sauti ya kutoa pole. Kuna siku huwa nazikumbuka zile sifa na natamani mtu aniite tena mtoto asiye na neno, basi, nipumzike.

Mume wangu alinishangaza. Nilitarajia alalamike kama wengine, lakini siku niliyomweleza historia yote, tangu sweta la shuleni, alikaa akafikiri kisha akaniuliza, "Mbona hukuniambia?" Nikamwambia nilifundishwa usijue. Akasema, "Na mimi nilifundishwa nisiulize." Alikuwa ameona taulo, alikuwa ameona shuka zinafuliwa alfajiri, na alilelewa kuamini kwamba mwanamume mwenye adabu anapoona mambo hayo hugeuza uso. Kwa hiyo tulikaa nyumba moja, kitanda kimoja, watu wawili wenye adabu nzuri kabisa, na mmoja anaishiwa damu. Sasa ananikumbusha tarehe za kliniki. Duka la dawa huenda yeye, na pedi hununua yeye bila kuzifunga kwenye gazeti.

Nisieleweke vibaya. Napenda kujipamba. Napenda manukato, napenda nguo inayonikaa, napenda kumpokea mgeni mlangoni mwangu na kumbembeleza mtoto alale. Wapo wanaotaka nivitupe vyote hivyo ndipo wakubali kwamba nimefunguka macho, nao naona wananipangia tu uanamke mwingine. Nilichoacha ni kimoja, kuficha ninapoumia ili nisifiwe. Mengine yanabaki maana ni yangu.

Binti wa mdogo wangu, yule mdogo wangu wa kujikunja kitandani, sasa ana miaka 14. Anapopatwa na maumivu huwa anapewa dawa ya maumivu mapema, haongojwi mpaka azidiwe, na mama yake anaandika tarehe na idadi ya pedi kwenye simu. Shangazi alipomwona kajilaza na chupa ya maji ya moto tumboni akasema anadekezwa. Mdogo wangu hakujibu kwa adabu. Nilifurahi kupita kiasi.

Mama naye. Mwaka huu amekuwa akichoka, pumzi fupi, mgongo unamuuma huku juu, na mara kadhaa alisikia kichefuchefu bila sababu. Kila akiulizwa alisema uzee. Nilikuwa nimeshasoma kwamba moyo wa mwanamke ukiwa matatani, mara nyingi, pamoja na maumivu ya kifua au hata bila hayo, huja na mambo kama hayo: uchovu, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au taya, na ndiyo maana hupuuzwa. Nikambeba. Njiani alinisihi nisimsumbue daktari na maneno mengi. Tukaingia, daktari, mwanamama wa makamo, akamwuliza, "Mama, unajisikiaje?" Mama akafungua mdomo kusema kawaida tu, nikamgusa goti. Akaniangalia. Kisha akaanza. Alianza na mgongo wa juzi, akarudi kwenye siku alizokuwa na mimba yangu, akaenda mpaka mwaka alioolewa, damu, kizunguzungu cha shambani, jino lililong'olewa bila ganzi. Presha ilikuwa juu sana, akapewa dawa na tarehe ya kupimwa moyo, lakini hata karatasi ilipokwisha kuandikwa bado alikuwa anaongea. Daktari alitazama saa ya ukutani, akatazama foleni nje, akaweka kalamu chini. Mimi nilitoka kwenda kuwaomba radhi waliokuwa wakisubiri.